Printa Iliyolala Haiamshwi kwa Pupa

Mada kwa wahudumu wa saiba, makarani wa shule, maafisa wa ofisi za wadi na viongozi wa vikundi



Mada ya leo ni ndogo kwa macho, lakini imewatoa wengi pesa mfukoni bila sababu. Ni habari ya printa ya wino iliyokaa muda mrefu bila kazi. Siku inapohitajika, inawaka vizuri, inavuta karatasi vizuri, inanguruma kama kawaida, kisha inatoa karatasi nyeupe. Au inatoa maandishi yaliyokatwakatwa kwa mistari, rangi nyekundu ikiwa imepotea na picha ya mtu ikiwa na uso wa kijani.

Chukua mfano wa karani wa shule ya msingi, iwe Tigania au Runyenjes. Anafungua ofisi iliyofungwa tangu likizo ianze. Mwalimu mkuu anataka barua za wazazi kabla ya saa nne. Karani anawasha printa, anatuma kazi, na karatasi inatoka tupu. Anabonyeza tena na tena. Kufikia saa sita ameisafisha mashine kwa kompyuta mara kumi na moja, tangi la wino limeshuka hadi karibu na sakafu, na bado hakuna herufi. Mtu mmoja anamwambia, "Hiyo imekufa, nunueni nyingine."

Mara nyingi haijakufa. Imelala tu, na imeamshwa vibaya.

Jambo hili si la ofisi peke yake. Tathmini za shuleni chini ya mtaala wa umilisi hupakuliwa kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na shule yenyewe ndiyo hutafuta namna ya kuzichapisha. Fomu ya basari ikikosa kuchapishwa leo, huenda mtoto akakosa karo ya muhula. Familia iliyofiwa inahitaji ratiba ya mazishi kabla ya Ijumaa jioni. Kijana aliyefungua saiba kwa mkopo wa kikundi hutegemea printa moja kulipa kodi ya chumba. Kwa watu kama hawa, kujua tofauti ya mashine iliyokufa na mashine iliyoziba ni kujua tofauti ya hasara na subira ya usiku mmoja.

Somo la mwaka wa 2020

Kenya nzima ililiona tatizo hili kwa wakati mmoja mwaka wa 2020. Shule zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Printa iliyofungiwa ofisini Machi na kufunguliwa Oktoba ilikaa karibu miezi saba bila kutema tone. Ya shule iliyongoja hadi Januari ilikaa zaidi ya miezi tisa.

Leo hakuna korona ya kufunga shule, lakini likizo ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka bado zipo. Likizo ya wiki tatu inatosha kuanza kuziba matundu ya printa, hasa sehemu zenye joto na vumbi kama Mbeere na nyanda za chini za Igembe.

Kwa nini wino huziba

Ili kuelewa tiba, ni vizuri kwanza kuelewa ugonjwa.

Printa ya wino ina sehemu inayokwenda kulia na kushoto juu ya karatasi. Hicho ndicho kichwa cha kuchapishia. Chini yake kuna mamia ya matundu madogo mno. Unywele wa mtu una unene wa takriban mikroni 70. Tundu la printa huwa na upana wa takriban theluthi moja tu ya huo. Kupitia tundu hilo, mashine hutema matone ya wino maelfu ya mara kwa sekunde.

Kuna njia mbili za kulitema tone. Njia ya kwanza ni ya joto: kipande kidogo cha umeme hupata moto ghafla, wino unachemka, kiputo kinafumuka na kusukuma tone nje. Mashine nyingi za HP na Canon za nyumbani na ofisini hutumia njia hii. Inasimuliwa kwamba Canon kule Japani iliipata njia hiyo mwaka wa 1977, pale kifaa cha moto cha kulehemu kilipogusa sindano yenye wino na wino ukaruka. HP nayo ilitoa printa yake ya ThinkJet mwaka wa 1984. Njia ya pili hutumia kipande kinachojikunja kikipitishiwa umeme, nacho kinasukuma tone kama mtu anavyobinya chupa. Hiyo ndiyo njia ya Epson na Brother.

Wino ni maji yaliyochanganywa na rangi. Maji yakikauka, rangi hubaki. Ndiyo sababu kila printa ina mahali pa kulaza kichwa, upande mmoja wa mashine, ambapo kifuniko cha mpira huyafunika matundu yasipigwe na hewa. Kifuniko hicho kikishika vizuri, kichwa hubaki na unyevu kwa wiki kadhaa. Kisiposhika, wino huanza kukauka mdomoni mwa tundu kama uji unavyofanya utando sufuria ikiachwa wazi.

Hapa ndipo penye kosa linalofanywa na wengi katika kaunti hizi: kuzima printa kwa swichi ya ukutani. Kitufe cha mashine yenyewe kikibonyezwa, printa hurudisha kichwa mahali pake, hukifunika, ndipo inajizima. Ikikatwa ukutani katikati ya kazi, kichwa hubaki pale kilipokuwa, mdomo wazi. Stima ikipotea hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo stima ikirudi, hata kama siku ya kazi imekwisha, mtu awashe printa, aiache itulie, kisha aizime kwa kitufe chake. Dakika mbili hizo huokoa kichwa kizima.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huo

Kabla ya kutibu, ni lazima kupima. Karibu kila printa ya wino ina kipimo chake cha matundu. Hupatikana kwenye kompyuta, katika sehemu ya matengenezo ya programu ya printa, au kwa kubonyeza vitufe kama kitabu cha mashine kinavyoeleza. Kipimo hicho huchapisha vijistari vya kila rangi: nyeusi, samawati, majenta na manjano.

Karatasi hiyo husomwa hivi:

Vijistari vyote vikiwa kamili, matundu ni mazima. Shida iko kwingine: karatasi imewekwa kichwa chini, mipangilio imewekwa kwenye uchapishaji hafifu wa kubana wino, au faili yenyewe ina hitilafu.

Vijistari vikiwa na mapengo, na mapengo yakabaki mahali pale pale kila ukipima, kuna wino uliokauka katika matundu hayo.

Mapengo yakihamahama, leo hapa kesho pale, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni hewa iliyoingia kwenye njia ya wino, au wino haufiki vya kutosha. Dawa yake ni kuangalia tangi na kungoja, si kusugua.

Rangi moja ikikosekana kabisa, tazama kwanza kama wino wa rangi hiyo upo. Wapo waliomwita fundi kwa sababu ya tangi tupu. Baadhi ya printa za tangi za zamani pia zina kifungio cha kusafirishia ubavuni. Kikisahaulika kwenye hali ya safari, wino haupiti.

Karatasi ya kipimo iandikwe tarehe na kuhifadhiwa. Bila hiyo, hakuna atakayejua kama mashine inapata nafuu au inazidi.

Kuamsha printa ya tangi

Printa za tangi, zile zinazojazwa wino wa chupa, ndizo zimeenea zaidi katika saiba na shule kwa sababu uchapishaji wake ni wa bei nafuu. Kichwa chake hukaa ndani ya mashine daima, kwa hiyo kikiharibika gharama ni kubwa. Utaratibu wake ni huu.

Hatua ya kwanza: jaza wino. Usafishaji hufyonza wino kwa nguvu, na tangi likikauka hewa huingia kwenye mirija. Tatizo dogo linakuwa kubwa.

Hatua ya pili: fanya usafishaji wa kawaida wa kichwa mara moja, kisha pima matundu. Linganisha karatasi mbili. Mapengo yakipungua, fanya tena. Usizidishe mara tatu mfululizo.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ni ya kutofanya lolote. Zima mashine kwa kitufe chake na uiache saa 12 au zaidi. Wino mbichi uliovutwa na usafishaji utakaa juu ya ule uliokauka na kuulainisha polepole, kama maharagwe yanavyolowekwa usiku ili yaive asubuhi. Anayebonyeza usafishaji mara kumi kwa saa moja hampi wino nafasi ya kufanya kazi hiyo.

Hatua ya nne: asubuhi pima tena. Mara nyingi mapengo mengi huwa yamefunguka. Safisha mara moja, pima, na ukiona nafuu uendelee kwa mwendo huo huo, siku ya pili na ya tatu.

Hatua ya tano ni ya mwisho. Baadhi ya mashine zina usafishaji wa nguvu, unaobadilisha wino wote ulio katika mirija. Huu hutumiwa tu baada ya njia za awali kushindwa. Katika mashine za Epson za tangi, kila tangi liwe na angalau theluthi moja ya wino kabla ya kuanza, na mtu angoje saa 12 kabla ya kuurudia. Hunywa wino mwingi, kwa hiyo usiwe jambo la kila wiki.

Kuamsha printa ya katriji

Mambo ni mepesi zaidi kwa printa ambayo kichwa chake kimejengwa ndani ya katriji. Nyingi za HP na Canon za bei ya chini ziko hivyo. Ukitoa katriji na kuona bamba dogo la rangi ya shaba ubavuni na ukanda wa matundu upande wa chini, ujue kichwa ni hicho. Kikishindikana kabisa, katriji mpya huja na kichwa kipya.

Kabla ya kununua, jaribu hivi. Chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kikunje, ukiloweshe kwa maji ya vuguvugu na kukikamua. Weka katriji juu yake, matundu yakitazama chini, kwa dakika moja au mbili. Alama ya wino ikitokea kwenye kitambaa, njia imefunguka. Katriji ya rangi inapaswa kuacha michirizi mitatu. Panguza kwa upole, usisugue, na usiguse ile shaba kwa vidole. Ngoja ikauke, irudishe na upime.

Maji bora kwa kazi hii ni yale yasiyo na chumvi wala madini, aina inayouzwa kwa kuongezea betri za magari. Lakini hapa pana tahadhari kubwa: madukani huuzwa pia asidi ya betri, na chupa zinaweza kufanana. Asidi itachoma mikono na kuua mashine. Soma maandishi ya chupa, na ukiwa na shaka, iache. Maji ya mfereji au ya kisima huacha madini yanapokauka, na madini hayo huziba matundu upya.

Mambo yanayoua printa

Sindano au pini. Hakuna pini inayoingia katika tundu dogo kuliko unywele. Itakwaruza tu.

Petroli, thina na spiriti. Hizi hula mipira na gundi za ndani.

Kukausha kwa joto. Kuweka katriji juani au karibu na jiko hukausha zaidi kile kinachotakiwa kulainika.

Kulazimisha kichapishe bila wino. Katika mashine zinazotumia joto, wino ndio unaopoza kile kipande cha umeme. Kikifanya kazi kikavu huungua, na hakuna usafishaji utakaokifufua.

Wino wowote uliopatikana. Wino wa mashine moja si wino wa kila mashine. Ukichanganywa usiofaa unaweza kuganda ndani ya mirija. Nunua unaolingana na mashine yako, na kagua kama kifuniko cha chupa kimefunguliwa tayari.

Lipo na jambo lisiloonekana. Wino wote wa usafishaji hauendi hewani. Hunyonywa na sponji iliyo chini ya mashine, na mashine huhesabu. Sponji ikikaribia kujaa, printa huonya, kisha hukataa kufanya kazi. Kwa hiyo kila usafishaji wa ovyo hulipiwa mara mbili: kwa wino, na kwa umri wa mashine.

Lini umwite fundi

Ukipima siku tatu kwa utaratibu uliotajwa na karatasi zote zinafanana, wakati wa fundi umefika. Mpelekee zile karatasi za kipimo zenye tarehe. Zitamwambia mengi kuliko maneno. Muulize maswali matatu kabla hajafungua: Je, ataosha kichwa au atakibadilisha? Kikikataa kufunguka, malipo yatakuwa kiasi gani? Na je, utarudishiwa kipuri cha zamani ukikione? Fundi mwaminifu hatakasirika kuulizwa.

Mashine iliyo ndani ya muda wa udhamini isifunguliwe na mtu mwingine. Irudishwe ilikonunuliwa pamoja na risiti. Na printa ya tangi inaposafirishwa kwa matatu au bodaboda, iwekwe wima kama inavyokaa mezani, vifuniko vya tangi vikiwa vimekazwa. Ikilazwa ubavu, wino humwagika ndani na hewa huingia mirijani.

Kinga ya karatasi moja

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kinga ya ugonjwa huu ni karatasi moja kwa wiki. Ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, hata picha ndogo tu, hutosha kuupitisha wino mbichi katika kila tundu. Shuleni, kazi hiyo iingizwe katika zamu ya likizo: kama kuna mtu anayekuja kukagua ofisi, awashe printa, atoe karatasi hiyo, aizime kwa kitufe, aweke sahihi kwenye daftari. Katika kikundi, apewe mweka hazina. Nyumbani, apewe mtoto mmoja mwenye bidii, watoto huipenda.

Kabla ya kufunga kwa likizo ndefu, jaza tangi, pima matundu, zima kwa kitufe na ungoje taa izimike kabla ya kuchomoa waya. Funika mashine kwa kitambaa dhidi ya vumbi. Isiwekwe dirishani penye jua.

Anayenunua upya naye ajiulize anachapisha mara ngapi. Anayechapisha kila siku, printa ya tangi itamfaa. Anayechapisha barua nyeusi mara moja kwa mwezi, mashine ya leza inafaa zaidi, kwa sababu hutumia unga, na unga haukauki. Inaweza kukaa muhula mzima na kuchapisha siku ya kwanza.

Na taka je? Vitambaa vyenye wino na katriji zilizokwisha zisitupwe mtaroni. Mtaro wa mjini Meru hauko mbali na mto Kathita, na wa mjini Embu hauko mbali na Rupingazi, na huko chini kuna watu wanaochota maji. Vifungwe kwenye mfuko na kuhifadhiwa hadi vipelekwe kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.

Mabibi na mabwana, karani yule wa mfano hakuhitaji mashine mpya. Alihitaji kujaza wino, kusafisha mara moja, kuzima, na kwenda nyumbani. Barua za wazazi zingechapishwa saiba siku hiyo kwa shilingi chache, na kesho yake asubuhi printa ya shule ingeamka. Pesa za printa mpya zingebaki kununua vitabu.

Basi mwenye printa iliyolala ofisini au nyumbani aanze jioni ya leo. Aiwashe, apime, aandike tarehe kwenye karatasi. Ikitoa mapengo, asiogope wala asiipige. Ailoweke usiku, aiamkie asubuhi.